Kocha Aliyezoea Kushindwa Makusudi

Lyle Hoekstra hawezi kukaa. Nimemwona kanisani, nimemwona kwa kinyozi, nimemwona kwenye mazishi ya mama mkwe wake. Kote ni yule yule: goti linacheza, macho yako mlangoni. Hana anakokimbilia. Miaka ishirini na minne ya kutafuta wachezaji imemharibu, mwili wake unadhani kila chumba ni cha kupita.

Hapa Red Butte watu wanamsema kama mtakatifu. Tangu Machi mtandaoni wanaandika kwamba alikosa bahati, kwamba chuo kilimwonea, kwamba ni mtu mwema aliyeponzwa na ukweli. Mimi sikubali. Lyle alikosea, na alikosea kwa kitu kile kile alichokuwa akijisifia. Ngoja nieleze, maana wanaoandika wengi hata hawajui kazi yake ilikuwa nini.

Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wasichana warefu wa miaka kumi na saba waje kucheza mpira wa kikapu chuoni kwetu, North Dakota, mahali ambapo Januari kope za macho zinagandana. Ndiyo hiyo. Kufundisha kupiga mpira ni kazi ya mchana. Kazi yenyewe ni barabara.

Alizaliwa Iowa, baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Chuoni alicheza miaka minne, yaani alikaa benchi miaka minne. Alipomaliza, kocha wake akamwambia, "Wewe mpira huujui, ila watu wanakuzoea haraka," akampa kazi isiyo na mshahara: kufua jezi, kuendesha basi dogo la timu, kulala kwenye chumba cha vifaa katikati ya mifuko ya mipira. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na aliona ni bahati kubwa.

Kutoka pale, vyuo tisa. Nebraska, Kansas, Montana, Missouri, kisha Kansas tena chuo kingine, mpaka orodha yenyewe yeye huichanganya. Kazi hii ina kanuni moja: kocha mkuu akitimuliwa, wasaidizi wake wanaondoka naye kama kupe wa ng'ombe aliyeuzwa. Hawaulizwi walifanya vizuri au vibaya. Kwa hiyo Lyle amefunga mizigo mara tisa, na mara saba kati ya hizo mkewe Marlys ameifunga naye.

Marlys ni muuguzi. Ukihamia hospitali mpya unaanza chini, na chini maana yake zamu ya usiku. Mara saba amepanda kutoka usiku hadi mchana, na kila akifika mchana, mahali fulani mwenyekiti fulani wa chuo anakasirishwa na matokeo ya timu. Binti yao, Greta, ana miaka kumi na sita na amesoma shule tano. Anapiga tromboni. Aliwahi kuniambia alichagua tromboni kwa sababu kila shule ina upungufu wa wapiga tromboni, kwa hiyo hata akiwa mgeni hawamkatai.

Agosti mwaka jana Marlys alimwambia mumewe neno moja jikoni, mimi nimelipata kwake mwenyewe.

"Lyle, mimi sihami tena."

"Nani kasema tunahama?"

"Mmeshindwa misimu mitatu mfululizo. Sihitaji kuambiwa. Greta amebakiza miaka miwili, atamalizia hapa. Na mimi nimepata mchana."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Nakuarifu."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Kocha mkuu wetu, Renae Tillman, alikuwa ameshaambiwa na uongozi: msimu mwingine kama huu na Machi unaondoka. Timu ilikuwa na wapigaji wazuri wa mbali, lakini chini ya goli hakukuwa na mtu. Kila timu ilikuja kutukandamiza pale. Renae alihitaji mchezaji mmoja mkubwa, akisaini Novemba kuja mwaka unaofuata, uongozi utaona kuna kesho, utampa mwaka mwingine. Mchezaji huyo walishamjua. Jina lake Brenna Wangler, futi sita na inchi tatu, kutoka Hagel, mji wa watu mia mbili na kumi, maili mia mbili na kumi na mbili kutoka hapa. Brenna akisaini, Renae anabaki, Lyle anabaki, Marlys na Greta wanabaki. Asiposaini, ni kufunga mizigo.

Lyle alimtafuta Brenna Julai yote. Julai ni mwezi wa mateso kwa watu hawa. Wanaruhusiwa kutazama, hawaruhusiwi kusema na mchezaji. Kwa hiyo unaendesha gari saa sita, unaingia kwenye ukumbi wenye viwanja vinane na filimbi nane zinapulizwa kwa pamoja, unakaa mahali ambapo msichana atakuona, umevaa shati jekundu la chuo, basi. Unatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. Unatazamwa ukitazama. Lyle alikaa hivyo mechi thelathini na moja. Gari lake lilifika maili laki mbili na tisini elfu mwezi ule.

Ila sifa yake haikuwa ukumbini. Ilikuwa kwenye meza za jikoni. Vyuo vyote tisa vilimwajiri kwa sababu hiyo: Lyle akiingia nyumbani kwa mchezaji, anatoka wamempenda. Na alikuwa na mbinu. Alishindwa makusudi. Baba wa mchezaji akipenda kurusha viatu vya farasi kwenye chuma kilichosimikwa, Lyle atakosa chuma kwa nusu futi. Mama akipenda kuangusha pini kwa mpira wa kubingirisha, Lyle atapeleka mpira mferejini. Mdogo wake ana mchezo wa kwenye runinga? Lyle atafungwa tisa bila na atashika kichwa. Aliwafundisha hata wasaidizi vijana.

"Mtu akikushinda nyumbani kwake," alikuwa akiwaambia, "anataka urudi."

Vijana wakaandika kwenye madaftari. Nasema wazi: ni uongo. Ni uongo wa kutabasamu, lakini ni uongo, na ulimlipa kwa miaka ishirini na minne.

Renae alikuwa ameshafika Hagel Septemba. Alikaa sebuleni kwa akina Wangler kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho, siku tatu kabla ya siku ya kusaini, akamtuma Lyle peke yake.

"Nenda ukafanye mambo yako," alimwambia.

"Mambo gani?"

"Hayo ya kupendwa. Mimi sina kipaji hicho."

Nyumba ya Wangler ina watu watatu. Brenna. Baba yake, Duane, mfugaji, anaongea kama anayelipishwa kwa neno. Na bibi yake, Ottilia, miaka themanini na moja, mama yake Duane, ndiye aliyemlea Brenna tangu mama mtu alipohamia Arizona na maisha mengine. Wote waliojaribu kumchukua Brenna walijua kwamba saini itakuwa ya msichana lakini kichwa kitakachotikiswa kukubali ni cha Ottilia.

Wakala supu ya matonge ya unga na soseji. Lyle akasifia supu, akaongezewa. Akauliza habari za ng'ombe, akajua kuuliza, maana alikulia zizini. Duane akatoa sentensi tatu nzima kuhusu homa ya ndama, jambo ambalo Brenna baadaye aliniambia hata padri wao hajawahi kulipata. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Kisha Ottilia akafuta meza, akaweka karata katikati.

Sasa hapa lazima uelewe watu wa Hagel. Hawakuulizi maswali. Wanakuketisha kwenye karata. Mtu anayetaka kuwauzia dume la ng'ombe anaketishwa, mchumba wa binti anaketishwa, padri mpya anaketishwa wiki ya kwanza. Watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Ukimaliza mchezo wameshajua wewe ni nani, wala hawakwambii walichokiona.

"Unajua kucheza?" Ottilia akauliza.

"Kidogo, Bibi Wangler."

"Wanaosema kidogo ndio wezi," Duane akasema.

"Kaa na Brenna. Mimi na mwanangu tutawanyoa."

"Bibi, usimwogopeshe mgeni."

"Simwogopeshi. Namwandaa."

Wakacheza saa nzima. Lyle anajua karata vizuri, maana hoteli za barabarani zinafundisha. Brenna anajua zaidi. Anahesabu kila karata iliyotoka, anajua iliyobaki iko kwa nani, na ndivyo anavyocheza mpira pia. Walikuwa wanakwenda sambamba. Arobaini na nne kwa arobaini na moja, kisha hamsini kwa hamsini, na mwisho ni hamsini na mbili. Mkono wa mwisho.

Turufu ilikuwa kopa. Karata zilikuwa zimebaki mbili mbili. Ottilia akaanza, akaweka mfalme wa kopa kwa kishindo. Brenna akafuata na kopa ndogo, akainua macho kumtazama Lyle, kwa sababu alikuwa ameshahesabu: ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote, haijatoka, kwake haipo, kwa bibi haipo, na baba kwa anavyohangaika hana kitu. Iko kwa kocha. Duane akatupa yake. Zamu ya Lyle.

Lyle alikuwa nayo. Ree na saba, zote za kopa, ndizo zilizobaki mkononi mwake. Akamtazama yule bibi wa miaka themanini na moja, amemshika mfalme wake kwa kidole kama mtoto aliyeshika peremende, na mkono wa Lyle ukafanya ulichofanya miaka ishirini na minne. Ukatupa saba.

Ottilia akala, upande wao ukafika hamsini na mbili. Mchezo ukawa umekwisha pale pale, lakini kuna karata moja moja bado, na nyumba ile hawakunji mchezo njiani. Kila mtu akaweka yake ya mwisho. Ya Lyle ikalala juu ya meza, ree ya kopa, imechelewa, haina kazi.

Duane akatazama dirishani. Ottilia akakusanya karata taratibu, akazifunga na mpira wa kubania.

"Asante kwa mchezo," akasema.

Kwenye kaunta kulikuwa na keki ya rubabu, yale mashina mekundu machachu ya bustanini, tayari imekatwa kwa ajili ya mgeni. Ottilia akaifunika na kitambaa.

Lyle akadhani bibi amechoka. Alipofika barabara kuu akampigia Renae.

"Tumempata," akasema.

"Amesema?"

"Bado hajasema. Lakini ungemwona bibi alivyofurahi."

Jumatatu asubuhi Lyle alikuwa kituo cha mafuta, anajaza tangi aende kumtazama msichana mwingine wa mwaka kesho, maana hawa watu hawajui kusimama hata wakiwa na kitu mkononi. Ujumbe ukaingia. Ulikuwa wa Brenna. *Kocha, ulikuwa na ree ya kopa.*

Akajibu kwa vidole vyenye baridi: *Nilimwachia bibi siku yake.* Akaweka na kijiuso kinachocheka.

Simu ikaita.

"Bibi hakuomba aachiwe," Brenna akasema.

"Ilikuwa heshima tu, Brenna."

"Heshima kwa nani? Mimi ndiye nilikuwa mwenzako."

Lyle akacheka kidogo. Upande wa pili hakukuwa na kicheko.

"Ulikuwa umekaa mbele yangu, Kocha. Nilicheza kopa yangu ndogo kwa sababu najua wewe unayo kubwa. Ukaniuza kwa mtu unayetaka akupende."

"Ni karata tu."

"Nyumbani kwetu?"

Pampu ya mafuta ikajizima yenyewe, Lyle bado ameishika.

"Bibi amesema nini?" akauliza.

"Bibi amesema tuliwahi kuuziwa dume na mtu wa namna yako. Alikuwa anacheka sana."

"Na dume lilikuwaje?"

"Halikupanda hata ng'ombe mmoja."

Hapo Lyle angeweza kutumia ulimi wake. Anao. Nimemsikia akimtuliza mzazi aliyekuja na bango la kumtukana. Lakini aliniambia kwamba pale kwenye pampu, mkono unanuka petroli, maneno hayakuja.

"Nina maswali matatu," Brenna akasema. "Ukinidanganya nitajua."

"Utajuaje?"

"Nilijua jana."

"Haya, uliza."

"Mwaka wa kwanza nitacheza?"

Septemba hadi Novemba Lyle alikuwa amemwambia, kwa barua, kwa simu, kwa kadi zilizoandikwa kwa mkono, kwamba dakika zitakuwepo. Dakika zitakuwepo ni sentensi yao. Haina maana yoyote.

"Hapana," akasema. "Si sana. Tuna msichana atakayekuwa mwaka wa nne, atakuwa amevumilia miaka mitatu, Renae hatamkalisha. Utapata dakika saba, nane. Mwaka wa pili timu ni yako."

"Kocha Tillman atakuwepo mwaka wa pili?"

"Sijui. Tukishindwa tena, Machi wanamwondoa."

"Mimi nikija?"

"Ukija, wanaweza kumvumilia. Wanaweza. Siwezi kukuapia."

"Na wewe?"

"Yeye akienda, nami naenda. Ndivyo ilivyo."

"Kwa hiyo ninyi wawili mliokuja nyumbani, mwaka kesho ninaweza nisimkute hata mmoja."

"Ndiyo."

"Asante," Brenna akasema, akakata.

Lyle alisema alijisikia mwepesi. Hakwenda kumtazama yule msichana mwingine, aligeuza gari akarudi Red Butte anaimba. Marlys akamuuliza ana nini, akasema, "Nimemaliza kazi kwa mara ya kwanza kama mtu mzima." Na hapa ndipo wanaoandika mtandaoni wanaponichosha. Wanataka hadithi iishie hapa, kocha ametubu, msichana amelia, saini imepatikana. Wanadhani ukweli ni sarafu, ukiitumbukiza mashine inatoa kitu.

Jumanne asubuhi Renae alimwita ofisini.

"Baba yake Brenna amenipigia," akasema. "Yule mtu hajawahi kunipigia. Ameuliza kama ni kweli natimuliwa Machi."

Lyle alibaki amesimama.

"Umemwambia nini yule mtoto?"

"Ukweli."

"Nani alikutuma?"

"Aliuliza."

"Wameuliza wote, Lyle. Miaka ishirini na minne wameuliza. Ukachagua huyu."

"Alinikamata kwenye karata."

"Kwenye nini?"

Akamweleza. Renae akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasugua macho. Yeye ni mtu mkali lakini si mbaya, na mimi nadhani swali aliloliuliza ndilo pekee la maana katika mambo haya yote.

"Sasa ile ree ungeicheza tu, ingekugharimu nini?"

Saa ile Lyle alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

Brenna alipiga jioni, saa kumi na mbili na nusu, akina Hoekstra wako mezani. Lyle akatoka na simu hadi gereji, akazunguka gari wakati wote wa mazungumzo. Greta alikuwa anamwona kupitia kioo cha mlango, anasema alizunguka mara ishirini na mbili. Alihesabu kwa sababu ya woga, kwani naye alijua kilichokuwa kinangojewa.

"Nimechagua wale wengine," Brenna akasema. Alikuwa anazungumzia chuo cha jimbo jirani, kikubwa kuliko chetu. "Wamesema nitaanza tangu mechi ya kwanza."

"Na unawaamini?"

"Nusu."

"Nusu tu?"

"Nusu yao ni kubwa kuliko yote yako, Kocha."

Akazunguka gari.

"Wewe ndiye pekee uliyeniambia ukweli," Brenna akaendelea. "Nimemwambia bibi, na yeye kasema hivyo hivyo. Sasa ukweli wenyewe ni mbaya, nifanye nini nao?"

"Ningekudanganya ungekuja?"

"Labda."

"Kwa hiyo nimejiponza."

"Hapana. Ungeniambia Julai tungekuwa na miezi minne ya kuuzoea. Bibi angeuweka kwenye meza, angeugeuza geuza. Mwaka mmoja wa kukaa benchi si kitu, mimi nimelea ndama. Lakini umeniambia Jumatatu na kusaini ni Jumatano."

"Julai sikuruhusiwa kusema na wewe."

"Septemba je?"

Jumatano akasaini. Shuleni kwao walipiga picha, Duane amevaa koti lake la kuuzia ng'ombe, bibi amekaa katikati. Lyle aliitazama picha ile kwenye simu, amesimama kwenye foleni ya benki, nilikuwa nyuma yake. Alisema tu, "Msichana mzuri," na akatoka kabla hajafika dirishani.

Msimu ulikwenda jinsi msimu usio na mtu chini ya goli unavyokwenda. Tulishinda sita kati ya ishirini na nane. Tulipokuwa tunapigwa Februari, ukumbi wetu unanuka mahindi ya kukaanga na soksi, Lyle alikuwa akisimama mwisho wa benchi mechi nzima, hakai, mpaka mzee mmoja wa nyuma yake akamwambia, "Hoekstra, ama keti ama ununue tiketi yangu." Siku ya pili ya Machi wakamwondoa Renae kwa barua pepe ya asubuhi. Wasaidizi wote watatu walikuwa kwenye barua hiyo hiyo, aya ya mwisho.

Kabla ya saa sita mchana chuo kimoja cha Idaho walikuwa wamepiga. Hivyo ndivyo ilivyo, kuna daftari fulani mahali, na jina la Lyle liko ndani: anajua meza za jikoni. Mshahara mkubwa kuliko wa hapa. Aanze Jumatatu.

"Idaho," alimwambia Marlys.

"Ni mbali?"

"Saa kumi na tatu."

"Utapata kitu cha kusikiliza njiani."

"Marlys."

"Nilikuarifu Agosti."

"Nilijaribu."

"Najua ulijaribu. Sina hasira na wewe, ndiyo maana ni vigumu. Nenda ukitaka. Sitakupigia kelele. Lakini nitakayebaki naye hapa ni Greta, na wewe utakuwa mtu anayekuja Krismasi."

Lyle alikwenda. Watu hawalisemi hili wanapomsifu. Ijumaa alfajiri akaondoka na begi na mashati, akaendesha saa tano hadi Montana, akasimama kula. Alimwagiza mhudumu mayai, na mayai yalipofika alikuwa ameshasimama, analipa. Aliingia kwenye gari na hakuliwasha. Anasema alikaa dakika arobaini, na mimi naamini kwa sababu hajawahi kudai kitu kama hicho kabla. Halafu akawapigia Idaho, akawaambia hapana. Wakamuuliza sababu, akasema mke wangu ana zamu ya mchana. Wakadhani anatania.

Sasa anafundisha timu ya wasichana ya chuo kidogo cha miaka miwili, maili tisini na nne kutoka hapa. Mshahara ni nusu. Kocha mkuu ni yeye, msaidizi hana, jezi anafua mwenyewe kama alipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Anakwenda asubuhi na kurudi jioni, kila siku, maili mia na themanini na nane, na dhoruba ya theluji ikifunga barabara analala ofisini kwake. Ukihesabu, yuko barabarani zaidi kuliko zamani. Tofauti ni kwamba barabara inamrudisha.

Wachezaji wanaokuja kwake ni wale ambao hakuna aliyewataka. Mwezi uliopita nilikuwa naye kwenye gari alipompigia mama wa msichana mmoja kutoka upande wa Minot. Mama akauliza kama mwanawe atacheza.

"Mwaka huu hapana, mama," Lyle akasema. "Ana mguu mzito. Mwaka kesho ikiwa atakimbia kiangazi chote."

"Wengine wamesema atacheza."

"Basi aende kwa hao."

Mama akakata. Lyle akaweka simu kwenye kishikio cha kikombe garini, akaongeza mwendo. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo mbinu yake mpya. Akasema hana mbinu, na kwamba watatu wa kwanza wamekata simu vile vile, na timu yake ina wachezaji saba tu, wawili wagonjwa.

Nyumbani jioni anafika saa mbili kasoro. Chakula kimepashwa. Anakaa na Marlys na Greta mpaka sahani zitoke mezani, hilo ameahidi na analitimiza, ingawa unaona linavyomtesa. Greta anapiga tromboni chumbani, wimbo ule ule kwa mwezi wa pili, maana kwa mara ya kwanza bendi yake ina onyesho la mwakani na yeye yumo. Kisha Lyle anasimama na kusema anakwenda kuangalia matairi. Marlys hamwambii kwamba aliyaangalia jana. Anazunguka mji mzima mara moja, ghala la nafaka, hospitali, ukumbi wa chuo ambao hauna kazi naye tena, dakika kumi na moja, halafu taa za gari zinaingia uani kwao.

"Yakoje?" Marlys anauliza.

"Yana upepo," anasema, na anavua viatu.